Mwanasesere Asiye na Mikono

Nilimwona mara ya kwanza nyuma ya kioo, katika jumba moja la makumbusho Dar es Salaam, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Urefu wake kama kiganja. Kiwiliwili ni kipande cha mti kilichochongwa mviringo, kichwani vishungi viwili, kifuani matiti mawili madogo. Hana mikono wala miguu. Kadi ya maelezo ilisema: mwana hiti, Wazaramo, mti, ishara ya uzazi. Nikapiga picha, nikasogea kabati la pili.

Kwetu ni Kongwa. Utotoni wanasesere wetu walikuwa magunzi ya mahindi. Tuliwafunga vitambaa, tukawabeba mgongoni tukijipikilisha, na jioni waliishia jikoni kuchochea moto. Sikuona undugu wowote kati yao na yule wa kabatini.

Kisha bibi mzaa mama akafariki. Alikuwa Mluguru aliyeolewa Kongwa. Tulipofungua sanduku lake la bati, chini ya kanga tulimkuta mwana hiti. Yule wa makumbusho alikuwa mkavu kama ukuni. Huyu aling'aa kwa mafuta ya nyonyo, na kiuno kilikuwa kimelika kwa kushikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonisumbua kuhusu lile kabati. Kwa Wazaramo, Wakwere, Waluguru na majirani zao wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akapewa mwana hiti wa kumlea. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza nywele. Umbo hilohilo lilichongwa pia kwenye fimbo, viti na nguzo za makaburi. Mimi naona hakuchongewa mikono kwa sababu mikono iliyohitajika ilikuwa ya mwali. Ukimweka mahali asipoguswa, unabaki na nusu yake.

Lakini kioo nakielewa. Bila kioo mchwa na wezi wangemmaliza. Ninachokilaumu zaidi ni ile kadi. Mwanasesere wa kiwandani kutoka Ujerumani mara nyingi ana alama ya mtengenezaji nyuma ya shingo. Wetu anaingia makumbusho na kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika kisu na kuchonga. Fundi hayupo. Wasichana waliompokezana hawapo. Na yale maneno "ishara ya uzazi" yanatuagiza tuache kuuliza.

Dodoma ina makumbusho ya miamba na madini. Nilianza kuota chumba kimoja tu mjini, chenye magunzi, vibuyu, Sungura na Fisi wa udongo, na nakala ya mwana hiti ambayo mtoto angeruhusiwa kuibeba. Nikamwendea mama kwa furaha, nikamwomba tumtoe yule wa bibi awe wa kwanza.

Mama alikuwa akipepeta uwele. Hakuinua macho.

"Unamjua huyo?"

"Namjua, mama. Ni wa mwali."

"Nilikuwa darasa la sita. Nilikaa naye ndani mpaka wenzangu wakafanya mtihani. Nilipotoka, mahari ilikuwa imeshapokelewa."

Nilinyamaza. Kumbe hata mimi nilikuwa nimeshamwandikia kadi yangu, nzuri kuliko ya makumbusho, na yenye uongo uleule. Nilitaka mafuta ya nyonyo na vidole vya bibi. Sikuuliza mlango ulifungwa kwa nani.

"Kwa hiyo tusimpeleke?"

"Mpeleke. Bibi yako alinipenda, na huyo alinifundisha kushika mtoto. Wewe mwenyewe nilikushika hivyo. Ila waandike na la shule."

Bado hatujampeleka popote. Lakini sasa, kila ninapoingia makumbusho, naanza na kadi kabla ya kutazama kitu chenyewe. Natafuta fundi, natafuta mikono iliyokishika, na natafuta kile ambacho mwenye mikono hiyo alikikosa. Kadi isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, naihesabu kuwa haijaandikwa.