"Subirini Muone Filamu": Malalamiko ya Mashabiki kuhusu Uteuzi wa Waigizaji katika Filamu za Mashujaa wa Katuni na Suala la Ororo Munroe

1. Utangulizi

Filamu zinazotoholewa kutoka majarida ya katuni ya Marekani zimezoea kuzua ugomvi kabla ya kamera kuwashwa. Jina la mwigizaji linapotangazwa, mashabiki huandika barua za kupinga, husaini maombi ya pamoja na kuapa kwamba hawatalipa kiingilio. Watayarishaji nao wana jibu moja ambalo limekuwa kama methali ya kazi yao: subirini muone filamu. Jibu hilo lina ushahidi wa kutosha nyuma yake, na kwa sababu hiyo limekubaliwa hata na wahakiki.

Tahakiki hii inadai kwamba jibu hilo ni sahihi kwa aina moja tu ya malalamiko. Kulitumia kwa malalamiko yote kumeyaweka katika kapu moja mambo yasiyofanana, na kumefunika lalamiko lenye uzito kuliko mengine. Mfano mkuu unaojadiliwa ni Ororo Munroe, ajulikanaye zaidi kwa jina la Storm, mhusika wa X-Men ambaye mama yake, kwa mujibu wa katuni, ni Mkenya.

2. Upeo wa matarajio na sura iliyochorwa

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alisisitiza kwamba msomaji haijii kazi ya fasihi akiwa mtupu. Huja na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma kabla, kanuni za utanzu na mazoea ya jamii yake. Kazi mpya hupimwa kwa namna inavyouthibitisha au kuutikisa upeo huo.

Katika filamu za mashujaa wa katuni, upeo huo una sifa ya pekee. Msomaji wa riwaya hujichorea mwenyewe sura ya mhusika, na sura yake si lazima ifanane na ya jirani yake. Katika utambaji wa hadithi, fanani mmoja hubeba sauti ya mfalme, ya kijakazi na ya sungura, na hadhira humkubali kwa kuwa mwili wake haudai kuwa ndio mwili wa mhusika. Katuni haina uhuru huo. Taya la mhusika limechorwa, nywele zimetiwa rangi, na sura hiyo imerudiwa mbele ya wasomaji kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo mwigizaji anapoteuliwa, filamu haijazi pengo. Inaondoa sura moja na kuweka nyingine mahali pake.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila mabadiliko ya sura ni kosa. Katuni zenyewe si matini moja. Mhusika mmoja hupita katika mikono ya waandishi, wachoraji na watiaji rangi wengi, na kila mkono huacha alama yake. "Uaminifu kwa chanzo" ni kigezo dhaifu pale ambapo chanzo chenyewe kina sura nyingi. Tahakiki hii inapendekeza kigezo cha uamilifu: sifa inayotetewa na mashabiki ina kazi gani katika masimulizi? Ikiondolewa, ni kitu gani katika hadithi kinaanguka?

3. Malalamiko yanayojibiwa na uigizaji

Kielelezo cha kwanza ni Michael Keaton. Alipoteuliwa kuwa Batman katika filamu ya Tim Burton, alijulikana kwa vichekesho kama Mr. Mom (1983) na Beetlejuice (1988). Barua za kupinga zilizofika katika kampuni ya Warner Bros. hutajwa kuwa takribani 50,000. Wasomaji walihofia kwamba shujaa wao angerudishwa kwenye mzaha wa tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1960. Filamu ilipotoka mwaka 1989 iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani, na leo wapo wanaomhesabu Keaton kuwa Batman bora kuliko wote.

Jambo kama hilo lilimpata Heath Ledger. Uteuzi wake kuwa Joker ulikejeliwa na watu waliomjua kama kijana wa filamu za mapenzi. The Dark Knight ilitoka mwaka 2008, miezi michache baada ya kifo chake, na mwaka 2009 alitunukiwa tuzo ya Oscar akiwa marehemu. Hugh Jackman naye alionekana mrefu mno kwa Wolverine, ambaye katika katuni ana kimo cha takribani sentimita 160. Aliigiza nafasi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na mwaka 2024 alikuwa bado anaiigiza.

Malalamiko haya matatu yana umbo moja. Yanahusu uwezo: je, mchekeshaji anaweza kutisha? Je, kijana mwenye sura ya kupendeza anaweza kuwa katili? Swali la uwezo hujibiwa kwa tendo. Hata kimo cha Wolverine kilikuwa kibadala cha sifa nyingine, yaani ukali wa mnyama mdogo asiyekubali kushindwa, na sifa hiyo Jackman aliileta kwa njia nyingine. Hapa watayarishaji walikuwa na haki kusema "subirini muone filamu".

4. Rangi isiyobeba hadithi

Aina ya pili inaonekana katika uteuzi wa Idris Elba kuwa Heimdall katika filamu ya Thor (2011) iliyoongozwa na Kenneth Branagh. Wapinzani walidai kwamba mungu wa watu wa kaskazini mwa Ulaya hawezi kuwa mtu mweusi, na baadhi yao walihimiza filamu isusiwe. Hoja yao haikukosa kabisa mashiko ya kimatini, kwa kuwa visasili vya kale vya Iceland humwita Heimdall mweupe miongoni mwa miungu.

Kigezo cha uamilifu kinaonyesha udhaifu wake. Kazi ya Heimdall katika katuni na katika filamu ni kulinda daraja la Asgard na kuona yaliyo mbali. Hadithi inamtaka awe na macho na uaminifu, na rangi ya ngozi yake haifungui wala kufunga tukio lolote. Zaidi ya hayo, visasili hivyohivyo vinamtaja Thor kuwa na ndevu nyekundu, ilhali Marvel ilimchora tangu mwaka 1962 akiwa na nywele za dhahabu na kidevu kilichonyolewa. Hakuna aliyehimiza filamu isusiwe kwa ajili ya ndevu hizo. Anayekumbuka kisasili kwa Heimdall na kukisahau kwa Thor hatetei kisasili. Anatetea mazoea yake ya kuona, na uhakiki hauna wajibu wa kuyaheshimu kwa kuwa tu yamepazwa kwa sauti kubwa.

5. Ororo Munroe na Kenya iliyofutwa

Aina ya tatu haifanani na mbili zilizotangulia. Ororo alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum, na alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men. Profesa Xavier anamkuta Kenya, ambako watu wanamwabudu kwa kuwa huleta mvua. Masimulizi yaliyofuata, hasa ya Chris Claremont, yanaeleza kwamba baba yake alikuwa mpiga picha Mmarekani mweusi na mama yake, N'Daré, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Kenya. Wazazi hao walikufa mjini Cairo; mtoto akafukiwa na kifusi karibu na maiti ya mama yake, akalelewa na wezi, kisha akatembea kuelekea kusini kutafuta nchi ya mama. Hofu yake ya kufungiwa mahali finyu, utulivu wake na mzigo wa kuitwa mungu vyote vinatokana na safari hiyo.

Katuni hizo hazistahili kusifiwa bila tahadhari. Kenya yao ni ya kubuni, ina wanakijiji wasio na majina, na Serengeti inasogezwa huku na huko kana kwamba mpaka wa Tanzania haupo. Hata hivyo, asili ya Kenya ndani yake ina kazi. Ikiondolewa, mhusika hubaki na nguvu za radi bila kisa cha kuzibeba.

Halle Berry aliigiza nafasi hiyo katika filamu nne kati ya mwaka 2000 na 2014, na Alexandra Shipp katika filamu mbili, za mwaka 2016 na 2019. Wote wawili ni wanawake weusi wa Marekani wenye mzazi mmoja mzungu. Mashabiki wengi, hasa wanawake weusi, walilalamika kwamba mhusika aliyechorwa kuwa mweusi wa Kiafrika alikuwa akipewa, kwa mara ya pili, mwili wenye ngozi iliyopauka zaidi. Kiswahili kinaielewa hoja hii bila kufafanuliwa sana. Lugha yenyewe inatofautisha mweusi tititi, maji ya kunde na mweupe, na wazungumzaji wake wanajua kwamba neno "mweupe" anapoitwa mtu mweusi mara nyingi ni sifa, na katika posa na ajira sifa hiyo ina bei. Lalamiko la mashabiki lilikuwa kwamba bei hiyo imefika pia katika jumba la sinema.

Watayarishaji walijibu kama walivyozoea. Lakini hapa jibu halikulenga swali. Hakuna aliyetilia shaka uwezo wa Berry, ambaye mwaka 2002 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike, mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Uigizaji mzuri huondoa shaka ya uwezo; hauwezi kumrejesha aliyeondolewa. Keaton alithibitisha kwamba anaweza kuwa Batman. Mwigizaji hawezi, kwa juhudi yake, kuthibitisha kwamba watu wasioonekana wameonekana.

Ipo hatua moja zaidi. Katika filamu ya mwaka 2000 Berry alijaribu lafudhi ya Kiafrika. Katika zilizofuata lafudhi hiyo ikayeyuka bila maelezo. X-Men: Apocalypse (2016) inamwonyesha Ororo akiwa mwizi kijana mjini Cairo mwaka 1983, lakini inaishia hapo, na njia ya kusini haifunguliwi. Katika filamu sita, kisa cha mama Mkenya hakisimuliwi. Mswada wa filamu ulipotupa nchi, mama, safari na hatimaye sauti, ngozi ya mwigizaji ilibaki kuwa alama ya mwisho ya asili ya mhusika. Kwa mtazamo huu, mashabiki hawakuing'ang'ania ngozi kwa sababu waliiona kuwa muhimu kuliko hadithi. Waliing'ang'ania kwa sababu hadithi ilikuwa imekwisha kuondolewa.

6. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba hoja hii inamtaka kila mwigizaji aonyeshe pasipoti: Ororo aigizwe na Mkenya peke yake. Sivyo. Ororo mwenyewe ni nusu Mmarekani, na uigizaji ni sanaa ya kuwa mwingine. Kigezo kinachotetewa hapa kinahusu kazi ya sifa katika hadithi, na kazi hiyo inaweza kubebwa na mswada, sauti, mavazi na mwili kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo, lawama haiwaangukii Berry na Shipp. Mwigizaji mweusi tititi katika mswada uleule angekuwa pambo lililochaguliwa vizuri zaidi, na Kenya ingebaki haipo.

Pingamizi la pili ni la soko: kwamba hadhira ya dunia isingempokea mhusika wa namna hiyo. Black Panther (2018) ililijibu. Filamu hiyo iliwaweka mbele Lupita Nyong'o, Danai Gurira na Letitia Wright, wanawake wa ngozi nyeusi, na iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Filamu hiyo nayo haikosi dosari. Wakanda huwekwa upande wa Afrika Mashariki, lakini watu wake huzungumza isiXhosa, lugha ya Afrika Kusini. Bara limeheshimiwa, lakini mahali mahususi pameendelea kuwa jambo la kuchaguliwa kwa urahisi.

7. Hitimisho

Imebainika kwamba malalamiko ya mashabiki kuhusu uteuzi wa waigizaji si jambo moja. Yapo yanayouliza kuhusu uwezo, na hayo hujibiwa na filamu yenyewe. Yapo yanayotetea mazoea, na hayo huanguka yanapopimwa kwa uamilifu. Na yapo yanayouliza nani ameondolewa, ambayo hayajibiwi na mauzo wala na tuzo. Kasoro ya "subirini muone filamu" ni kwamba inawaomba wote subira ileile. Waliomngojea Ororo walisubiri, wakaziona filamu zote sita, na lalamiko lao likabaki vilevile.

Kwa watafiti wa upokezi wa filamu katika Kiswahili, tahakiki hii inapendekeza kwamba wingi au ukali wa malalamiko usiwe kipimo cha kwanza. Kipimo kianzie kwenye matini: sifa ipi imebadilishwa, ilikuwa ikifanya kazi gani, na ni nini kilichowekwa badala yake. Katika suala la Ororo jibu la swali la tatu ni kwamba hakikuwekwa kitu, na upungufu huo ulianzia mezani pa waandishi wa mswada kabla ya mwigizaji yeyote kuitwa.