Hatua 21 Mbele ya Kaburi

Mlinzi wa Kaburi la Askari Asiyejulikana, katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, jimbo la Virginia, hutembea hatua 21 juu ya mkeka mweusi. Akifika mwisho anasimama na kuligeukia kaburi kwa sekunde 21. Anageuka tena, anahamishia bunduki bega la pili, anangoja sekunde nyingine 21, kisha anarudi kwa hatua zilezile. Wageni husimulia hatua hizo. Mimi naona uzito wa umbo la lindo hili uko kwenye kusimama.

Hesabu yenyewe imetoka kwenye mizinga 21, heshima ya juu kabisa ya kijeshi. Lakini mizinga hunguruma mji mzima ukasikia, na baada ya dakika chache shughuli imekwisha. Arlington idadi hiyohiyo imehamishwa kutoka kwenye mlio ikawekwa kwenye mwendo na ukimya. Aliyezoea tenzi atalitambua jambo hili mara moja: mizani ikishatulia, sikio huacha kuhesabu na kuanza kusikiliza. Baada ya mizunguko mitatu minne mtazamaji hangojei tena litokee jambo. Anasikia vyuma vya viatu vikigongana, halafu macho yake yanahama kutoka kwa mlinzi yanakwenda kwenye jiwe.

Na jiwe limepangwa kwa akili. Sanamu za Amani, Ushindi na Ushujaa zimechongwa upande wa mashariki, unaoelekea mji wa Washington. Upande wa mlinzi na wageni kuna maandishi tu: amelala hapa askari wa Marekani ambaye Mungu peke yake ndiye anayemjua. Pambo limepewa mji. Aliyekuja kuzuru amepewa sentensi moja.

Askari wa kwanza kulazwa hapo alifia Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akazikwa tarehe 11 Novemba 1921. Mwanzoni kaburi halikuwa na mlinzi, na watu walikuja na vyakula vyao wakakaa hapo kufurahia mandhari. Mwaka 1925 akawekwa mlinzi raia wa kuwazuia. 1926 wakaja wanajeshi, mchana tu. Na tangu Julai 1937 lindo halijaachwa usiku wala mchana. Asili hiyo ya kuzuia watu bado inaonekana. Bunduki hubebwa daima kwenye bega la upande wa wageni, ndiyo maana inahamishwa kila mlinzi anapogeuka. Ishara hiyo ndogo inasema wazi kwamba anayelindwa ni marehemu na anayetiliwa shaka ni sisi tuliosimama nyuma ya kizuizi.

Akiwa zamu, mlinzi havai alama ya cheo. Sababu yake ni kwamba cheo cha aliyelala hakijulikani, na mlinzi hapaswi kumzidi. Sijaona katika shughuli yoyote ya kijeshi jambo zito kuliko hili. Jeshini cheo ndicho kinachoamua nani ampigie mwenzake saluti, nani aamuru na nani aitikie. Mlinzi anakivua, na kwa zile sekunde 21 wanatazamana watu wawili ambao umati haujui cheo cha yeyote kati yao.

Ubadilishaji wa lindo ni habari nyingine. Kamanda wa zamu, ambaye cheo chake anacho, anaipokea bunduki ya mlinzi anayeingia, anaizungusha, anaikagua sehemu kwa sehemu kwa glovu nyeupe, kila kiungo cha mkono kikijongea kwa mkato kama mashine. Simu zinanyanyuliwa. Hapa umbo linajisahau: ustadi unataka kutazamwa, na marehemu anasogezwa pembeni. Linaokolewa na maneno ya mwisho. Anayeondoka anatakiwa kukabidhi amri zake, naye anajibu kwamba lindo na amri vinabaki kama vilivyoelekezwa. Mwenzake anakiri kuzipokea. Basi. Makabidhiano yote ni taarifa kwamba hakuna kilichobadilika. Usiku, milango ikiwa imefungwa na hakuna wa kupiga picha, zamu hurefushwa hadi muda wa saa mbili, na kwangu hizo ndizo zamu zinazothibitisha kwamba zile za mchana hazikuwekwa kwa ajili yetu.

Lakini umbo kamili namna hii lina hatari yake, na Arlington imeionja. Mwaka 1984 alizikwa hapo askari wa vita vya Vietnam, karibu na wale wa Vita Kuu ya Pili na wa Korea waliolazwa 1958. Mei 1998, baada ya familia moja kudai ukweli, kaburi lake lilifunguliwa, na vipimo vya DNA vikaonyesha kuwa ni Michael Blassie, rubani aliyetunguliwa mwaka 1972. Vielelezo vya kumtambua vilikuwapo tangu mwanzo, vikawekwa kando. Miaka 14 hatua zilihesabiwa bila kosa mbele ya mtu ambaye wapo waliokuwa na njia ya kumjua.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulisoma hilo kwa makini. Vita vilevile vya 1914 hadi 1918 vilivyomleta Arlington askari wa kwanza viliua makumi ya maelfu ya wapagazi wetu, wengi kwa maradhi na njaa, na tume ya Uingereza iliyosimamia makaburi ya vita haikuwawekea makaburi yenye majina. Badala yake zilisimamishwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume hiyo iliomba radhi kwa walioachwa bila kumbukumbu. Askari wa 1921 alipoteza jina vitani. Wapagazi walipotezewa majina mezani, kwa kalamu. Sanamu haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo, na hatua 21 nazo haziwezi.

Blassie alizikwa upya Missouri, kwa jina lake. Nafasi yake Arlington imeachwa tupu, na kifuniko kimeandikwa upya kwa heshima ya wanajeshi wa Marekani waliopotea katika vita vya Vietnam. Mwendo wa mlinzi haukubadilishwa hata hatua moja. Wapo wanaoona fahari katika uthabiti huo, na naielewa fahari yao. Mimi nabaki na jambo la sare: kwa miaka 14 walinzi walivua vyeo vyao wasije wakamzidi mtu ambaye cheo chake kilikuwa kwenye majalada ya jeshi lao wenyewe. Alikuwa Luteni.