Kuusoma Ukuta wa Nyumba ya Pompeii

Ukuta wa nyumba ya Pompeii huanza kukaguliwa pale lipu ilipobanduka, maana lipu nzuri imewasitiri waashi wengi wabovu. Mapande makubwa ya mawe ya chokaa ya Sarno, yaliyosimamishwa na kulazwa kwa zamu mithili ya nguzo, kwa kawaida ni kazi ya zamani. Tofali kwenye pembe na miimo ya milango zilikuja baadaye. Katikati hujazwa mawe madogo yasiyochongwa: lava, tufu na povu la volkano lililoganda. Yakichanganyika na vigae na vipande vya lipu yenye rangi, hapo mara nyingi pamekarabatiwa baada ya tetemeko la mwaka 62, miaka 17 kabla ya volkano ya Vesuvius kuufukia mji.

Jiwe kubwa halimpi mwashi sifa. Sifa imo katika chokaa ya kuungia: iliyolowekwa ikaiva haina madonge meupe, mchanga wake umeenea sawasawa, na kucha haiimung'unyi.

Juu ya lipu ya awali, Vitruvius, msanifu majengo na mwandishi wa Kirumi, alitaka matabaka matatu ya chokaa na mchanga, kisha matatu ya chokaa na unga wa marumaru. Pompeii ni kuta chache mno zilizotimiza hesabu hiyo, kwa hiyo kuhesabu pekee hakutoshi. Hutazamwa ukingo uliovunjika: matabaka yameshikana, na la juu, laini kama niru, linametameta kwa chembe za marumaru? Hiyo ni kazi ya gharama. Yakiachana, huenda la chini lilikauka kabla ya wakati. Kwenye sehemu ya chini yenye unyevu, vigae vilivyopondwa badala ya mchanga huonyesha fundi aliyeijua kazi yake.

Taa ikilazwa ubavuni mwa ukuta, mapito ya mwiko na maungio hujitokeza. Mafundi walishuka kutoka juu, hivyo lipu ya chini hupanda kidogo juu ya ukingo wa ile iliyotangulia. Mpandano huo lazima uchorwe kwenye mchoro wa ukuta. Rangi nyekundu isipokewe haraka: baadhi ilikuwa manjano, ikageuzwa na joto la mlipuko.

Viraka vya saruji vya karne ya 20 navyo huchorwa, kwa alama yao wenyewe, kwani chumvi yake huila lipu ya kale iliyo jirani.