Bandari ya Kalundu inaanzia mlimani

Wandugu wa chama, nianze kwa kujishitaki. Memwari yangu ya lisansi ilikuwa na kurasa kadhaa juu ya "bandari ya kijani". Nilizitoa mbali, Rotterdam na Antwerp: meli ikifika inachomekwa kwenye umeme wa nchi kavu ili izime mashine zake, hewa inapimwa, ripoti inatoka. Jury walinipongeza. Hakuna aliyeniuliza umeme huo utatoka wapi Kalundu, na sisi mtaani tunaungoja mpaka usiku.

Juzi nimesoma yale niliyopaswa kuanza nayo: Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Niseme ukweli, ni andiko zuri kuliko vile tunavyolisema. Linataja uchafu, linataja usafiri wa majini, na, jambo lililonifurahisha kama agronomu, linataja tope kwa jina lake, pamoja na kukata miti na kuharibu udongo. Watu wengi wakisikia uchafu wa bandari wanaona mazuti tu, ule mng'ao wa rangi rangi juu ya maji karibu na bato. Mazuti ni mabaya, sibishi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini huku kaskazini samaki wana oksijeni katika mita 100 hivi za juu tu, na njia ya maji kutoka ni moja, Lukuga, kule Kalemie. Kinachoingia hakitoki haraka.

Lakini kinachoisumbua Kalundu zaidi ni mchanga. Simameni pale gatini siku ya pili ya mvua kubwa, muangalie milima nyuma yenu. Miteremko imelimwa mihogo mpaka juu, mistari inashuka na maji badala ya kuyakata. Udongo unapita korongoni, unalala mbele ya gati, na bato yenye simenti inatafuta pa kupita. Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika, tuliona mto unaweza kubeba nini kwa usiku mmoja: mawe, nyumba, watu. Kila mvua ya kawaida inafanya kazi hiyo hiyo kidogo kidogo, na hakuna anayepiga picha.

Hapa ndipo Mkataba unaniacha. Tope lina sehemu yake, usafiri una sehemu yake, na hazisalimiani. Halafu kuna ile kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe. Kwa kiwanda, sawa. Kwa Kalundu, tutamtoza nani? Yule mama anayelima ubavuni juu kwa sababu shamba la chini hana? Yeye anapoteza udongo wake wa juu, wenye rutuba, bandari inapata ule ule kama takataka. Wote wawili wamekula hasara, kisha kanuni inamwita mmoja mkosaji.

Bandari inasimamiwa na SNCC, shirika la reli (ndiyo, reli, ingawa leo treni haifiki Uvira). Ukiwaambia watu wa bandari wapande setaria na vetiva mlimani, watakuona umepotea ofisi. Kuchimba mchanga wanaelewa: mashine inakuja, inachota, picha zinapigwa. Misimu michache ya mvua, mchanga umerudi. Na maji yenyewe yalipopanda 2021, kisha tena 2024, tukaona kina cha ziwa hakipangwi na sisi. Udongo wa mlimani, angalau huo tunaweza kuushika.

Mimi ningeomba kitu kimoja: sehemu ya ushuru wa kila mzigo unaoshuka Kalundu ipande mlimani. Inunue miche, ilipe siku za kazi za kupanda majani kwa mistari inayokata mteremko, na yule mama akate majani hayo alishe mbuzi wake.

Rafiki yangu mfanyabiashara alicheka nilipomwambia. "Ndugu yangu, pale bandarini nalipa makaratasi mpaka nasahau majina yake, na wewe unaniletea lingine?" Ana haki. Nikamjibu basi tusiongeze, tuchukue moja katika hayo, tulibadilishe kazi. Akaniuliza ni nani atakayekubali kuachia lake.