Taylor wa Kengeleni na kalamu ya Mwalimu Sikujua

Ukishuka matatu Kengeleni, kengele yenyewe bado ipo, ila kila mtu ana haraka ya kuvuka barabara. Hapo ndipo Freretown, kijiji walichokianzisha wamishonari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. CMS hao hao ndio waliomleta pwani William Ernest Taylor (1856–1927), Mwingereza ambaye, tuseme ukweli, alikuwa na sikio. Wakati Wazungu wengi walikuwa wakijifunza Kiunguja cha Askofu Steere, yeye aling'ang'ania Kimvita. Mwaka 1891 akachapisha London kitabu cha methali zetu, *African Aphorisms*. Mwaka 1915 tafsiri yake ya Al-Inkishafi ikatoka ndani ya kitabu cha Stigand.

Lakini kazi inayonisumbua mimi ni ile ya Muyaka bin Haji. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vichwani mwa wazee wa Mombasa. Aliyeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, pamoja na maelezo ya nani alimjibu nani na kwa nini, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890. Taylor akayahamishia herufi za Kirumi.

Sasa wewe niambie, msomi hapo ni nani? Kuchagua, kulinganisha, kufafanua neno gumu: hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, na Sikujua aliifanya kabla hatujawa na idara yoyote ya fasihi. (Mimi niliyeacha chuo katikati nina sababu zangu za kulipenda swali hili.) Hata hivyo karatasi zenyewe ziko SOAS, London, na zinaitwa za Taylor. Diwani ilipochapwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri alikuwa Mwingereza mwingine, Hichens. Tulingoja mpaka 1979 ndipo Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake kuhusu Muyaka.

Simchukii Taylor, jamani. Bila yeye huenda karatasi zile zingeliwa na mchwa zamani. Ila kumwita "aliyemwokoa Muyaka", kama wengine wanavyopenda, ni kumsahau mwenye wino. Ukikipata kitabu cha Abdulaziz, usikimbilie mashairi. Anza na zile habari za kila shairi lilizaliwaje, vita gani, ugomvi gani, na nani. Habari kama hizo hazikutoka London. Zilitoka vinywani mwa wazee wa Mvita, na Sikujua ndiye aliyekaa akawasikiliza.