Mshono wa Nyumbani

Nguo ya kushonwa nyumbani ni ile ambayo aliyeikata na atakayeivaa wanakula chungu kimoja. Sifa zake nyingine, nzuri na mbaya, hutokana na hapo. Fundi wa barazani humjua mteja kwa muda wa kuzungusha futi kifuani, kiunoni na nyongani, kisha akaandika tarakimu daftarini. Kiwanda hakimjui mtu yeyote; kinajua saizi. Mama anayemshonea mwanawe, au baba anayejishonea suruali, maana nao wapo, anajua bega lipi limeshuka, nani hutoboa mfuko wa kulia kwa funguo, na nani hawezi kuvumilia kola inayombana.

Juu ya kuujua mwili, mshonaji wa nyumbani anajua pia nguo itakavyoishi. Gauni la mtoto wa kwanza litateremka kwa wa pili, shati la baba litapunguzwa liwe la kijana, na kanga iliyochakaa itaishia kuwa nepi laini kuliko yoyote ya dukani. Kwa hiyo hushona huku akijua kwamba siku moja mshono huo utafumuliwa, pengine na yeye mwenyewe. Ubavuni huacha akiba ya sentimita mbili au tatu, mahali ambapo kiwanda huacha moja au pungufu, kisha ovaloki ikaikata na kuifungia kabisa. Kwenye pindo la gauni la mtoto huacha upana wa vidole vinne, uliokunjwa ndani kungoja mwaka ujao. Hapo ndipo ufundi wa nyumbani unapoupita wa kiwanda, hata kama mshono wenyewe haukunyooka sawasawa.

Pwani ya Afrika Mashariki imeshika sindano tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Karne nyingi baadaye, kitambaa cha kuja na meli kilienea sokoni. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya huko, kikawa nguo ya watu wengi kuanzia Unguja hadi maziwa makuu. Kilikuwa kigumu, kikadumu, na kadiri kilivyofuliwa ndivyo kilivyozidi kuwa cheupe. Kaniki, ya buluu iliyokoza, ilikwenda nacho bega kwa bega.

Kitambaa kinapogharimu, mkato hujifunza ubahili, na mfano wake bora ni kanzu. Mwili wake ni badani, kipande kirefu kilichonyooka mbele na nyuma. Mikono ni mistatili. Upana wa kutembelea hutoka kwenye taharizi, vipande virefu vinavyotiwa ubavuni kuanzia chini ya kwapa, vyembamba juu na vipana chini. Mkataji huchukua mstatili mmoja, akaugawa kwa mshazari, akageuza kimoja juu chini, na tayari anazo taharizi mbili bila kutupa hata kipande cha kufutia chaki. Chini ya kwapa huingia kikwapa, kipande kidogo kilichowekwa mshazari ili mkono uinuke bila kuvuta kanzu nzima. Asiyejua kazi hukiona kikwapa kama kiraka. Kumbe bila hicho, kila anayenyoosha mkono kushika kitu rafuni angeuchana mshono. Kisha huja kaba shingoni na sijafu kwenye ncha, na tarizi kwa anayeitaka. Hakuna mkunjo wa kubana kiuno wala mchoro wa mviringo wa kumtaabisha anayejifunza, na mwembamba, mnene na mzee wote huwakaa vyema.

Kofia ya mkono ni habari nyingine kabisa, maana hapo ubahili ni wa kitambaa tu. Muda hutumika bila hesabu. Kofia ya viua hutengenezwa kwa vipande viwili, duara la utosini na mkanda wa kuzunguka kichwa, kila kimoja kikiwa na tabaka mbili za pamba nyeupe. Mchoro huchorwa kwa penseli. Matundu madogo hutobolewa kwa kufuata mchoro, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukingo wake ukakaza kama wa kishimo cha kifungo. Matundu hayo ndiyo yanayopitisha hewa utosini, na ndiyo yanayoifanya kofia moja ichukue miezi. Lamu, Unguja na Pemba, mke kumshonea mumewe kofia kumekuwa heshima inayoonekana na mtaa mzima, kwa sababu kila mpita njia anaweza kuhesabu jioni zilizokwenda humo. Omani nako kofia ya namna hiyo huitwa kuma na huvaliwa na wanaume wa kila rika. Jamaa waliovuka bahari huku na huko kati ya Maskati na Unguja walivuka nayo. Leo kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo. Kwa mbali hufanana na za mkono. Ukiigeuza ndani utaona tofauti: ya mkono ni safi pande zote mbili, ya mashine ina msitu wa nyuzi.

Cherehani ilibadilisha kasi ya kazi bila kuigusa tabia yake. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akafuata na yake mwaka 1851, na kuanzia 1856 kampuni ya Singer ikaanza kuuza mashine kwa malipo ya mafungu, jambo lililoiingiza katika nyumba za watu wasio matajiri. Siri ya mashine hiyo ni sindano yenye tundu karibu na ncha. Ikishuka hupeleka kitanzi cha uzi wa juu chini ya kitambaa. Hapo kitanzi hukamatwa na kuzungushwa bobini, na uzi wa juu na wa chini hufungana katikati ya kitambaa. Mshono wa aina hiyo haukimbii ukikatika mahali pamoja. Na anayetaka kuufumua hukata uzi wa upande mmoja kila baada ya hatua kadhaa, akavuta ule wa pili, kitambaa kikabaki kizima. Mshono wa mnyororo, ule wa kwenye magunia, huachia wote kwa mvuto mmoja.

Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya hazikuacha cherehani ya kukanyaga hata mashine za umeme zilipofika. Singer nyeusi iliyorithiwa kwa bibi, au Butterfly iliyotengenezwa Shanghai, haihitaji umeme. Inahitaji mafuta kidogo, mkanda usiolegea na miguu iliyozoea mwendo. Tena huenda polepole kiasi cha kumwezesha mwanafunzi kuona anachokosea kabla hajafika mwisho wa mshono.

Kazi ya kwanza ya mikono ya watoto wengi wa pwani ni kupinda kanga. Kanga huuzwa kwa doti, mbili zikiwa zimeungana. Hukatwa katikati, na pande fupi zilizo wazi hukunjwa mara mbili na kushonwa, mapindo manne kwa jumla. Kazi ni ndogo, na makosa yake hayaonekani kwa mtu akiwa amejifunga. Kazi hugeuka ngumu pale doti inapotakiwa kuwa gauni. Kanga ina pindo, mji na jina, na vyote vitatu vina msimamo. Mkataji asiyepanga kwanza atajikuta na mji uliogawanywa na mshono wa kifuani, au jina lililopinduka kichwa chini mgongoni, na mafumbo ya kanga yakipinduka hayachelewi kuzua maneno mengine. Wajuzi hutandaza doti yote sakafuni na kuamua jina litakaa wapi kabla mkasi haujatoka kapuni. Kwa kawaida huliacha chini kwenye pindo la gauni, lisomeke mvaaji anapopita.

Kitenge nacho kina masharti yake. Pamba hunywea ikifuliwa, basi kitambaa hulowekwa, huanikwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Anayeruka hatua hiyo hushona gauni la mama na kumvisha binti. Nyuzi za urefu zifuate urefu wa mwili, la sivyo sketi itajinyonga miguuni. Na kama mchoro ni wa ndege, wote waruke upande mmoja, jambo linaloongeza kitambaa kinachohitajika na ambalo wauzaji hawalitaji. Sikukuu zikikaribia, Idi pwani au Krismasi bara, kitambaa kimoja hugawanywa kwa nyumba nzima: gauni la mama, shati la baba, kaptula na visketi vya watoto, kilemba, na vipande vya mwisho vikawa pochi. Mafundi wa mjini wiki hiyo huahidi wasichoweza kutimiza. Mwenye cherehani yake sebuleni hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Shule zilibeba sehemu ya mafunzo haya kwa muda mrefu. Somo la sayansikimu, Tanzania na Kenya, liliwaweka wanafunzi mbele ya vipande vya kitambaa wajifunze kupiga bandi, kutia kiraka, kushona vishimo vya vifungo na kukunja marinda. Wengi walilichukia. Hata hivyo kiraka kilichotiwa vizuri, chenye mchoro uliofuatana na wa nguo yenyewe, ni kazi ngumu kuliko kushona gauni jipya, na ni haki kukipa alama nyingi zaidi.

Juu ya bei, asiseme mtu kwamba kushona nyumbani ni nafuu siku zote. Mitumba ilipoenea baada ya masoko kufunguliwa miaka ya 1980 na 1990, shati zima lilianza kupatikana kwa bei ndogo kuliko kitambaa cha kulishonea. Viwanda vya nguo vya kanda hii vilipungua nguvu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru na kushikilia, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda zinazoingia huko. Wenzake walilegeza msimamo. Mshonaji wa nyumbani hakungoja uamuzi wa mkutano. Yeye huigeuza mitumba kuwa malighafi: hununua gauni pana la pamba nzuri, akalifumua, akapata kitambaa, zipu na vifungo kwa bei ya zipu peke yake. Shuka la mtumba hutoa nguo tatu za mtoto. Suti ya mtu mnene huwa sketi yenye bitana tayari.

Thamani ya kweli basi iko katika kukaa mwilini na kudumu. Mtu mfupi wa kiwiliwili na mrefu wa miguu, mzee aliyeinama mgongo, mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, mama anayenyonyesha anayehitaji ufunguzi mbele: hawa wote kiwanda kimewasahau, na ndio wanaoonja faida ya mshono wa nyumbani kabla ya wengine. Kwao tofauti ya sentimita nne si urembo.

Anayetaka kuanza asianze na suti wala gauni la harusi. Apinde kanga, ashone foronya, kisha kaptula ya mtoto yenye lastiki kiunoni, ndipo aguse gauni la kulalia. Anunue mkasi mmoja wa kitambaa na kuikataza nyumba nzima kuukatia karatasi. Apige bandi kwa mkono kabla ya kupeleka chochote kwenye mashine, na aache akiba ubavuni hata pale kitambaa kinapoonekana kidogo. Kola na mkono wa shati vinaweza kungoja mwaka wa pili.