Kitalu Kando ya Nyangores

Mbayuwayu wanaoikimbia theluji ya Ulaya huonekana Kericho na Bomet kuanzia Septemba au Oktoba, wakiwinda wadudu juu ya chai hadi karibu Aprili. Ila nchi ya chai nayo ina baridi yake. Usiku mkavu wa Januari, hewa baridi huteremka mabondeni na kuacha sakitu nyeupe juu ya majani. Mvua ya mawe ndiyo usiseme: Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa mawe mara nyingi zaidi duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege za chuma zilitumwa kunyunyizia dawa mawingu yake.

Ndege wa manyoya hana pa kujificha kwenye chai. Kichaka kilichopogolewa kimekuwa bapa. Wachumaji wenyewe huita sehemu ile ya juu meza. Kuzumburu, yule mwenye mkia mrefu, hupitisha usiku wa baridi akining'inia kifua kwa kifua na wenzake, na kwa hilo anahitaji matawi mazito. Kwa hiyo msaada kwa ndege huku, nionavyo, haupo kwenye kurusha nafaka uani. Upo kitaluni, mikononi mwa wanaootesha miti ya asili ya kurudishwa kwenye kingo za mito kama Nyangores.

Chukua tenduet, mti wa msitu wa Mau ambao gome lake ni dawa. Sote tumefundishwa na mahindi kwamba mbegu huanikwa ikauke. Mbegu ya tenduet ukiianika, umeiua. Hukusanywa tunda likiwa limeiva, kabla mbega na njiwa hawajalimaliza. Nyama husuguliwa majini, kisha mbegu huwekwa kwenye tuta lenye kivuli ingali mbichi. Emitiot, mzeituni wa mwituni, una kokwa gumu: fundi hulivunja ncha taratibu, na akizidisha nguvu kidogo tu, kiini kimekwenda.

Kisha huja kazi ninayoipenda kuitazama kuliko zote, kuhamishia miche vifukoni. Mche hushikwa kwa jani, kamwe si kwa shina, kwa kuwa jani litachipuka lingine ila shina lililobonyezwa halina dawa. Shimo hutobolewa kwa kijiti, mzizi hushushwa ukiwa umenyooka. Ukikunjwa hapo, kasoro hiyo mti utakuwa nayo maisha yake yote. Baadaye vifuko huinuliwa kila mara na mizizi iliyopenya chini hukatwa. Majuma ya mwisho maji hupunguzwa na kivuli huondolewa kidogo kidogo, ili mche ujue baridi na jua kabla ya mvua za Aprili. Anayeona huruma hapo na kuendelea kumwagilia, miche yake hupendeza kitaluni na kufa shambani.

Mogoiywet, yaani mkuyu, hauna masharti hayo. Hukatwa tawi nene, likachimbiwa ardhini mvua zinapoanza. Hata kabla halijachipua, ndege hutua juu yake na kudondosha mbegu za miti mingine walizokula msituni. Mwenye kitalu anayejua kazi yake hupita chini ya matawi hayo asubuhi, udongo ukiwa bado na unyevu, akang'oa miche iliyojiotea na kuipeleka vifukoni.